Jiwe la Kilo Kamili

Mdogo wangu alirudi kutoka gerezani na mfuko mmoja wa nailoni, karatasi tano za masharti, na tabia mpya ya kutandika kitanda. Chumba ni changu, kitanda changu, shuka yangu, lakini ukiingia asubuhi unakuta kila kona imenyooshwa utadhani mnyapara yuko njiani. Nilimwambia, "Hapa hakuna ukaguzi." Akaitikia, "Sawa, Dada," na kesho yake akatandika vilevile.

Karatasi zile tano nilizisaini mimi, maana mimi ndiye mdhamini wake. Hiyo wanayoiita paroli ni kifungo kilichotolewa nje kuanikwa. Mtu analala kwenu, anakula kwenu, lakini bado ni mali ya serikali. Alikuwa amebakiza miaka miwili na miezi minne. Aripoti kila Jumatatu kwa afisa msimamizi wake. Asilale nje ya nyumba yangu. Asiguse mizani ya aina yoyote, wala jiwe la mizani, wala chombo cha kutengenezea mizani. Na likifumuka kosa lingine la zamani ambalo hakulisema, anarudi ndani kumalizia, hakuna cha samahani wala nisamehe.

Hilo la mizani lilikuwa kichekesho, kwa sababu mimi nina duka. Nauza sukari, mchele, unga na maharage, na mizani yangu ya sahani mbili iko juu ya kaunta tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Basi mtu mzima wa miaka arobaini na nane alikuwa akikaa kwenye stuli, mikono ameikalia, anauza vitu vya kuhesabu tu: sabuni, viberiti, mishumaa, nyembe. Akija mtu wa sukari anapaza sauti, "Dada, wa kupima!" nami natoka jikoni mikono inachuruzika maji ya vyombo. Nilikuwa namtazama na kujisemea, hiki ndicho kichwa ambacho mama yetu alisema kitakuja kuwa injinia.

Mtaani wanamwita Risasi. Wageni wakilisikia jina hujisogeza pembeni, wakidhani aliua mtu. Aue nani! Kuku wa sikukuu alikuwa akichinjiwa na majirani. Risasi yake ni ile ya fundi mizani, ile laini ya kijivu inayoyeyushwa kwenye kijiko. Kila jiwe la chuma la kupimia lina tundu chini yake. Tundu linajazwa risasi mpaka uzito uwe sawasawa, na juu ya risasi mkaguzi wa vipimo anagonga muhuri wake. Ukiipunguza risasi ile, jiwe linaanza kusema uongo. Mdogo wangu alijua kuukata muhuri mzimamzima, mwembamba kama kucha, akapunguza risasi ndani, akajaza nta, kisha akaurudisha muhuri mahali pake, na mkaguzi mwenyewe akaja akaupongeza.

Siyo kwamba hakuwa na kipaji cha kazi halali. Akiwa kijana alimbeba mtoto wa jirani akasema, "Kilo nne na robo," wakaenda zahanati wakakuta kilo nne na robo. Wauguzi wakamwita atengeneze mizani yao, naye akaitengeneza bila hila, akarudi kila mwaka kuisafisha. Lakini mkono unaojua uzito kiasi hicho, halafu mwenye mkono hana akili ya kukataa, ni balaa tupu. Wenye maduka wakaanza kumfuata. Mmoja, wawili, soko zima.

Kesi yake iliposikilizwa, wale wale waliompelekea mawe ndio waliosimama kizimbani kutoa ushahidi. Bucha alilia machozi. Muuza nafaka alisema hajui hata jiwe lake lina tundu. Wakarudi majumbani kwao, wakafungua maduka, na mdogo wangu akapewa miaka saba. Nilikuwa kiti cha mbele siku ile, nikatikisa kichwa pamoja na watu wengine. Mla nawe hafi nawe, nikajisemea, umeona sasa?

Mimi hapa mtaani wananiita Mama Kilo Kamili. Sikujipa jina hilo, wateja ndio walionipa. Sisukumi sahani kwa kidole kama yule wa kona, wala sifungi mzigo kwa karatasi nzito kama bucha. Nasubiri mshale wa mizani utulie kabisa, halafu nachota punje chache kwa vidole nazimwaga juu. Mteja akiziona punje zile anaondoka anatabasamu. Jirani yangu wa mlango wa pili, fundi cherehani, hununua kwangu kilo ya sukari kila Jumamosi, anakuja na kopo lake lenye kifuniko. Mwanamke wa kulalamika huyo! Makopo ya siku hizi, anasema, hayana adabu, yameandikwa kilo moja na kilo haijai. Ameshabadilisha kopo mara mbili. Nilikuwa namcheka mpaka mbavu zinauma.

Basi Jumatatu moja Risasi alirudi kutoka kuripoti, uso umemshuka. Nyuma yake alikuwa msimamizi wake mwenyewe, bwana mwenye kalamu tatu mfukoni ambaye kila akitaka kuandika anaomba kalamu. Aliomba yangu. Akaketi kwenye gunia la mchele na kusoma barua.

Chama cha wakulima kilikuwa kinabomoa ghala lake la zamani. Wakaitoa mizani ya magunia nje, na kibarua mmoja akaliangusha donge lake la chuma. Rangi ikabanduka, ndani kukaonekana uchafu. Mizani ya ghalani si ya sahani, ni ya jukwaa: gunia linalala chini, na juu kuna mkono wa chuma wenye donge linalosukumwa mpaka mkono ulale sawa. Donge likiongezwa uzito, gunia linaonekana jepesi. Walipopima upya, wakakuta kila gunia lilikuwa linaliwa kilo nane. Kwa miaka! Wakulima wakaja juu. Mwenyekiti wa chama, ambaye zamani hizo ndiye aliyekuwa karani wa ghala, akatoa kadi ya matengenezo ya mizani ile. Miaka kumi na miwili iliyopita, fundi: Risasi, na saini yake. Mwenyekiti akawaambia wakulima, mchawi wenu huyo hapo, tena ni mfungwa, mnataka ushahidi gani?

"Bodi itakaa Alhamisi," alisema msimamizi. "Ikiridhika kwamba ni yeye, anarudi. Na wewe Mama, kama mdhamini, unatakiwa uwepo."

"Nitakosaje," nikasema. "Nifunge duka nije nione sinema ya bure."

Msimamizi alipoondoka, na kalamu yangu, Risasi hakulia wala hakuapa. Alikasirika. Sijawahi kumuona amekasirika hivyo tangu tukiwa watoto.

"Kilo nane, Dada! Kilo nane kwa gunia! Mshamba gani huyo?"

"Hicho ndicho kinachokuuma?"

"Sasa nisiumie? Mimi nilikwenda pale mara moja, nikabadilisha visu vya mizani, vile vyuma vinavyobeba mkono wake, nikasafisha kutu, nikasaini. Kazi halali. Halafu mtu anakuja kujaza takataka kwenye donge na kuniandikia mimi! Dada, kazi ile ina kipimo chake. Unapunguza kile ambacho mgongo haujui. Mtu akibeba mzigo wake akafika nyumbani, mgongo usishtuke. Kilo nane hata mgongo wa mlevi unashtuka!"

"Mwizi mwenye maadili," nikamwambia. "Tukuandikie cheti tukibandike ukutani?"

"Na mkulima simgusi. Mkulima anauza mara moja kwa mwaka. Zahanati sigusi, mkulima sigusi."

"Maskini weee. Na sisi wanunuzi wa robo robo kila siku ulikuwa unatugusa."

Akakaa tena kwenye stuli, akaikalia mikono yake. Nami nikaendelea kumsema mpaka jioni, maana mdomo wangu ukishawashwa hauzimwi kwa maji.

Alhamisi tukaenda. Chumba cha bodi kilikuwa na meza ndefu ambayo mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, wakauegemeza kwa mafaili ya watu. Nyuma ya meza walikuwa watatu, na wa katikati ndiye mkuu wa bodi, mzee mstaafu aliyekuwa akivua miwani kusikiliza na kuivaa kunyamaza. Donge la chuma lilikuwa juu ya meza, juu ya gazeti. Pembeni alikaa mkaguzi wa vipimo, binti mwembamba mwenye kisanduku cha vifaa magotini.

Mwenyekiti wa chama alikuja na suti ambayo lebo ya kiwandani bado imeshonwa kwenye mkono, ili tujue ni mpya. Aliongea kwa dakika ishirini juu ya jasho la mkulima. Yeye mwenyewe kiganja chake laini kama kitambaa cha meza. Alisema alimwamini fundi, alimwachia ghala asubuhi akaenda kunywa chai, aliporudi kazi imekwisha, akasaini kadi kwa nia njema. Angejuaje? Yeye ni karani tu, mtu wa kalamu.

Mkuu wa bodi akavua miwani. "Fundi, unasemaje?"

Risasi akasimama. Nilimwombea aseme maneno mawili, si mimi, akae. Wapi! Akawapa somo. Akaeleza tundu, risasi, muhuri, nta, na mgongo usiojua. Akaliomba donge, akanyimwa kwa sababu ya masharti, basi akalielezea kwa mbali kwa kidole, mikono nyuma, kama mtu anayeelekeza njia ya kwa adui yake. Tundu limetobolewa ubavuni, alisema, ambako macho yanapita kila siku. Ndani kumejazwa misumari na gundi. Juu pamepakwa rangi ya mlango. "Wakuu, hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza angechapwa kwa kazi hii."

"Kwa hiyo," alisema mkuu wa bodi polepole, "utetezi wako ni kwamba wewe ungeiba vizuri zaidi?"

"Ndiyo, Mkuu."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwenyekiti alicheka hadi akakohoa. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe, kwa hasira na kwa aibu. Nikawaza, huyu anajikaanga kwa mafuta yake mwenyewe na anayasifia mafuta.

Aliyekuwa hacheki ni mkaguzi wa vipimo. Alinyanyua donge, akalitazama ubavuni, akalirudisha.

"Anayoyasema yana maana," alisema. "Kila fundi ana mkono wake. Kama ningekuwa na jiwe moja tu alilolichezea yeye miaka ile, ningeyaweka pamoja na kuwaambia kwa dakika tano kama ni mkono mmoja au miwili. Lakini mawe ya kesi yake yaliyeyushwa kwa amri ya mahakama. Bila jiwe, haya ni maneno ya mfungwa."

Mkuu wa bodi akamgeukia mdogo wangu. "Kuna jiwe lako lolote lililobaki mtaani?"

Risasi alitazama ule mguu wa meza uliosimama juu ya mafaili. "Hakuna, Mkuu."

"Una hakika? Fikiri vizuri. Tusipopata kitu kingine, bodi haina budi kuamini kadi hii."

"Hakuna hata moja, Mkuu."

Hakunitazama. Angenitazama hata kwa kuibia, ningemkasirikia, na ningejua la kufanya na hasira yangu. Hakugeuza shingo.

Mkuu akasema tupumzike, turudi saa nane kamili kusikia uamuzi.

Nieleze sasa, maana nimezunguka vya kutosha. Miaka kumi na minne iliyopita mume wangu alitoka kwenda kununua betri za redio, na mpaka leo anazitafuta. Aliniachia duka lenye rafu tupu na watoto wawili wenye meno mapya. Nikalichukua jiwe langu la kilo moja, nikampelekea mdogo wangu, nikamwambia, "Niangalie, mdogo wangu." Maneno hayo tu. Kesho yake akanirudishia limefungwa kwenye karatasi ya kaki. Hakusema kitu, nami sikuuliza. Kutouliza ni kazi niliyoifanya vizuri kuliko kazi zote za maisha yangu. Nikanunua na jiwe la pili, safi, nikaliweka kabatini, na kila mkaguzi alipopita ndilo nililomwonyesha. Siku za wakaguzi tu. Siku nyingine zote watu walipimiwa lile la karatasi ya kaki, na punje zangu za juu.

Hata siku ile mahakamani, kabla hajasomewa miaka saba, mwendesha mashtaka alimuuliza kama kuna duka lingine. Alisema hakuna. Mimi nilikuwa kiti cha mbele natikisa kichwa.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilimsubiri aseme. Tulipofika nikamwekea chakula, akala, akaosha sahani yake, akaikausha, akaigeuza kifudifudi kama walivyofundishwa huko. Halafu akaingia chumbani nikamsikia anakunja nguo zake kwenye ule mfuko wa nailoni.

Nikamfuata mlangoni. "Mbona husemi?"

"Niseme nini, Dada?"

"Unajua cha kusema!"

"Mimi kule nimeshazoea," akasema, akiendelea kukunja. "Wana utaratibu wao, siyo mbaya sana. Wewe siku moja tu huimalizi. Utamkaripia askari kwa kushika funguo vibaya."

"Usinifanyie utani."

"Sifanyi utani. Una jina hapa. Mimi langu lilishakwenda." Akafunga mfuko fundo. "Shati la bluu mpe mwanao, linamtosha."

Nilitaka kumzaba kofi. Miezi saba nimemlisha na kumsimanga, kila kijiko cha wali kikisindikizwa na neno. Nimemwambia mwizi mbele ya wateja. Angeweza siku yoyote kunyoosha kidole kwenye kaunta na kunifunga mdomo wangu huu. Ameketi kwenye stuli, hatua mbili kutoka kwa jiwe lile, ameikalia mikono.

Kutoka dukani mtu akaita hodi. Alikuwa fundi cherehani na kopo lake. Kesho kutwa ana safari, akasema, kwa hiyo ameiwahi sukari ya Jumamosi. Nikaweka jiwe sahani moja, sukari sahani nyingine. Mshale ukatulia. Nikachota punje, nikazimwaga juu.

"Mungu akuzidishie, Mama Kilo Kamili," alisema. "Pole kwa hilo la mdogo wako. Tunda moja bovu halifanyi mti kuwa mbovu. Watu wote hapa tunajua wewe ni nani."

Aliondoka. Nilisimama pale nikitazama mizani, sahani moja tupu iko juu, nyingine na jiwe iko chini. Ile methali ya mla nawe hafi nawe ina mkia, na mkia wake nilikuwa nimeumeza siku zote: ila mzaliwa nawe. Nikalichukua jiwe nikalitia kwenye mkoba, nikafunga duka.

Saa nane kamili tulikuwa ndani. Mkuu wa bodi alikuwa ameshavaa miwani na kushika karatasi. Nikasimama bila kuitwa, nikalitoa jiwe na kuliweka juu ya gazeti, kando ya donge. Meza ikayumba.

"Mlitaka jiwe," nikasema. "Hilo hapo."

Risasi aliruka kama aliyekanyaga moto. "Hilo si langu! Wakuu, dada yangu amechanganyikiwa, hajalala. Hilo sijawahi kuliona!"

"Kaa chini," nikamwambia. "Kuiba unajua, kudanganya hujui."

Mkaguzi alikwisha kulishika. Aliligeuza, akapitisha kucha kuzunguka muhuri, akachukua kisu kidogo, akabana, na muhuri ukatoka mzima, mwembamba, ukalala kiganjani mwake. Chini yake nta. Chini ya nta risasi, imekatwa laini. Akalipima kwenye kimizani chake.

"Gramu sitini pungufu," alisema, na kwa sekunde moja sura yake ikawa ya mtu aliyeona kitambaa kilichoshonwa vizuri. Kisha akaviweka viwili sambamba mbele ya mkuu. "Aliyefanya hili hakufanya lile. Huyu wa jiwe ni fundi. Wa donge ni mtu aliyekuwa na misumari karibu na muda mwingi ghalani."

Halafu akanigeukia. Alikuwa na macho ya upole, na upole ule ndio ulionitesa. "Mama, jiwe hili lilikuwa wapi?"

"Kaunta yangu."

"Ulijua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeiva. Ningesema yeye alinibadilishia, mimi mwanamke mjane wa mume aliye hai, najua nini mambo ya mawe. Bucha alisema hivyo. Muuza nafaka alisema hivyo. Hata Mwenyekiti asubuhi ile alisema hivyo, yeye ni mtu wa kalamu. Niliwatazama wote hao kichwani mwangu, watu niliowadharau kwa miaka, nikaona wamenisogezea nafasi kwenye benchi.

"Nilijua," nikasema. "Mimi ndiye niliyempelekea."

Mwenyekiti akapiga paja. "Familia nzima! Mkuu, ni familia nzima!"

"Na wewe," nikamwambia, "funguo za ghala alikuwa nazo nani miaka hiyo yote? Maana mdogo wangu alikuja asubuhi moja. Misumari ile na gundi ile havikuwekwa kwa muda wa kikombe kimoja cha chai."

Mkuu wa bodi akavua miwani. "Hilo nilikuwa nataka kuliuliza," alisema. Mwenyekiti akaanza kutafuta leso katika suti mpya, na suti mpya haikuwa na leso.

Risasi hakurudishwa. Bodi iliandika kwamba jiwe langu ni la makosa yale yale aliyokwisha kufungiwa, na donge si kazi yake, na jalada la mizani ya ghala likapelekwa kwa polisi na jina lingine juu yake. Mimi niliandikiwa karatasi yangu. Mizani yangu ikachukuliwa, na nimekatazwa kupima kitu chochote kwa mwaka mzima. Amri ya kunizuia wameibandika mlangoni mwa duka, yenye muhuri, ili kila mpita njia asome. Ndani ya siku mbili hakuna aliyekuwa hajaisoma. Wasiojua kusoma walisomewa.

Njiani tukirudi siku ile Risasi hakunishukuru. "Ulikuwa na haja gani?" aliniuliza, kwa hasira ya kweli. "Miaka miwili tu." Nikamwambia anyamaze asije akanisababishia kesi nyingine ya kumpiga mfungwa wa serikali.

Siku hizi nauza vilivyofungwa kiwandani. Yeye anauza, mimi nakaa kwenye stuli, maana sasa hakuna cha kupima naye hana anachokatazwa. Wateja ni wachache. Wengine wanapita upande wa pili wa barabara wakiongea kwa sauti kuhusu kilo. Nawatazama, nawajua, yule anachanganya maziwa na maji, yule anauza nguo za marehemu. Neno linafika kooni, narudi kulimeza. Jina nalo limebaki, ila sasa wakilisema wanacheka.

Jumamosi ya pili fundi cherehani akaja na kopo. Sikumtegemea. Alisoma karatasi ya mlangoni, midomo ikitembea, ingawa najua alikwisha kuisoma. Akaomba pakiti ya sukari, kilo moja. Risasi akampa. Hakuondoka nayo. Aliichana pale pale kaunta, akaanza kuimimina kwenye kopo taratibu, kichwa kimeinama kando kama anavyotazama sindano.

Sukari ikapanda. Ikafika pale inapofikia siku zote, upana wa kidole chini ya ukingo, ikapita. Ikafika ukingoni, ikatulia, na punje chache zikamwagika juu ya kaunta.

Nilisubiri anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, mtu wa mdomo kama mimi matusi hayanitishi. Alizikusanya zile punje kwa kiganja, zote, akazirudisha.

"Mimi nilikuwa naligombeza kopo," alisema.

Risasi alitazama mikono yake. Fundi cherehani akalibana kopo kifuani ili apate kulifunga, na kifuniko kilikuwa kigumu kuingia, maana lilikuwa limejaa.